Kiko cha kwenye tamthilia: kijue ni cha aina gani, alafu kitengeneze mwenyewe

Naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma hii hii tu. Kila wiki lazima chalii mmoja anitumie picha, kaipiga kwa simu kwenye TV ya sebuleni, nusu ya picha ni taa inang'aa kwenye kioo, alafu chini kaandika "fundi, hiki kiko unaweza?" Naweza bana, ila kipi? Kwenye picha kuna mzee wa kizungu ana koti refu na ndevu na kitu cheusi mdomoni, hicho kitu kinaweza kuwa mbao, kinaweza kuwa udongo, kinaweza kuwa hata kibuyu. Ukiniambia "kile cha kizamani" hujanisaidia.

Wanaouliza wengi ni vikundi vya maigizo, vijana wa kanisani, wanafunzi wenye tamasha na hawa wanaotengeneza filamu fupi hapa Arusha na Moshi. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kiko cha kuigizia tu. Sio cha kuvutia tumbaku, mbao nitakazotaja hazijapimwa kwa moto na sitaki mtu aanze kuvuta kisa igizo la dakika ishirini.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Picha tatu au nne za kiko chenyewe, moja lazima iwe ya ubavuni. Kama ipo kwenye laptop piga skrinishoti, usipige TV kwa simu.
- Gogo dogo la mbao ngumu ILIYOKAUKA, angalau sm 9 urefu, sm 5.5 kwenda juu, unene sm 4.
- Kipande cha mpingo au ncha ya pembe ya ng'ombe kwa ajili ya mdomo wa kiko (kile kipande kinachoshikwa na meno), sm 8 hadi 9.
- Drili na biti tatu: mm 4, mm 8, na ile pana ya mbao ya mm 19 au 20.
- Jiriwa, yaani vaisi. Hii usiniambie huna, nenda kaombe kwa fundi seremala jirani, usishike mbao kwa mkono na drili kwa mkono mwingine.
- Msumeno wa meno madogo, tupa moja nene na moja ya duara, kisu kikali.
- Msasa namba 80, 120, 240 na 400.
- Majani ya chai, nta ya nyuki, kitambaa cha pamba, barakoa.

Mbao gani? Viko vya mbao vya Ulaya vinatengenezwa kwa fundo la mzizi wa mti unaoitwa Erica arborea, wa kule Mediterania. Sasa huo mti upo pia hapa kwetu, wapagazi na waongoza watalii mnaupita kila siku, upo kwenye ule ukanda wa vichaka ukishamaliza msitu wa Kilimanjaro. Usiuguse. Ule ni mlima wa hifadhi, hata kijiti cha kuokota kiache huko huko, mimi nimeutaja ili ujue tu kwamba kitu wanachokitafuta wenzetu kwa bei kubwa tunakiangalia kila asubuhi mawingu yakifunguka.

Mbadala wangu ni kisiki cha mbuni, yaani mti wa kahawa. Watu wa Kibosho, Machame na Marangu wakiwa wanang'oa kahawa ya zamani vile visiki vinaishia kuwa kuni, na ile mbao ni ngumu, nzito, nyuzi zimebana, ukiipiga msasa inateleza kama mfupa. Ukikosa hiyo tafuta masalia ya mbao ya loliondo kwa mafundi fanicha. Mninga ni mzuri ila nyuzi zake ni pana, kwenye kitu kidogo kama kiko inaonekana umechonga kwenye mguu wa meza.

ANGALIZO: usitumie mbao iliyotiwa dawa (vipande vya nguzo za umeme na vile vya paini vya kijani), usitumie mnyaa kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni utajuta, na usitumie ule mti wa maua ya pinki wanaouita oleanda uliojaa kwenye mageti, ule ni sumu na mwigizaji anaenda kuweka hicho kitu mdomoni.

Hatua ya 1: Simamisha picha

Rudisha tukio mpaka upate sekunde ambayo muigizaji kageuka ubavu na kiko kimelala sawa, hakijaelekea kwenye kamera. Kikielekea kwenye kamera kinaonekana kifupi na utakuja kutengeneza kitu kama filimbi. Piga skrinishoti, alafu piga nyingine akiwa amekishika mkononi, hapo ndo utaona shingo ya kiko inapoungana na mdomo wake.

Hatua ya 2: Jua kimetengenezwa kwa nini

Hapa ndo watu wanaparuka na hapa ndo kazi yote ilipo. Usianzie kwenye umbo, anzia kwenye malighafi, maana umbo linafuata malighafi.

Cheupe chote, mrija mwembamba kama penseli au zaidi ya hapo, kichwa (ile sehemu ya kuwekea tumbaku) kidogo: ni cha udongo. Hivi ndo vilitawala Uingereza na Uholanzi miaka ya 1600 na 1700. Mwanzoni vichwa vilikuwa vidogo sana, tumbaku ilikuwa ghali, baadae bei ikashuka na vichwa vikakua. Kwa hiyo tamthilia ya mabaharia na meli za matanga, au ya baa za zamani zenye mishumaa, tegemea hiki.

Cha mbao ya kahawia, kichwa kinene, mdomo mweusi unaong'aa: ni kile cha mzizi wa Erica. Hiki kilianza kushika katikati ya miaka ya 1800, mji wa Saint-Claude huko Ufaransa ndo ulivuma kwa kazi hiyo. Ule mdomo mweusi ni mpira uliopikwa ukawa mgumu, nao ni wa kipindi hicho hicho, kabla ya hapo walitumia pembe, mfupa au kaharabu. Ukiona tamthilia imewekwa mwaka 1750 na mzee ana kiko cha mbao chenye mdomo mweusi, ujue waandaaji waliteleza, na wewe huna haja ya kuteleza nao.

Kirefu mpaka kifuani, kichwa cha kauri kimechorwa picha, kina mfuniko wa chuma: Mjerumani huyo.

Cheupe kwa juu, kahawia inapanda kutokea chini, mara nyingi kimechongwa kichwa cha mtu: ni lile jiwe jepesi linaloitwa mirishamu, ambalo kwa wingi linatoka Eskişehir, Uturuki. Sasa hii wengi hawaijui, jiwe hilo lipo Sinya, Longido, upande wetu wa Amboseli, na enzi ya Tanganyika viko vyake vilitengenezwa hapa hapa Arusha na kuuzwa nje kwa chapa ya Kiko, jina hilo hilo la Kiswahili, na alama ya tembo. Vingine vilivalishwa ngozi kwa nje. Ukikuta kimoja kwenye kabati la babu usikiuze kwa elfu kumi.

Kilichojikunja kama pembe, rangi ya njano iliyoiva, juu kina kikombe cheupe: ni kibuyu. Kibuyu kabisa, hiki hiki cha maziwa, ila kinalazwa kikiwa bado shambani ili shingo ijikunje. Watu wote wanakiita cha Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, na kwenye hadithi zenyewe yule bwana anavuta cha udongo, cha mbao ya mzizi na cha mti wa cheri, kibuyu kaja kubandikwa na waigizaji wa baadae. Vibuyu hivi vilitokea Afrika Kusini na vikashika Uingereza baada ya vita vya Makaburu, vilivyoisha 1902.

Kwa nini nasisitiza miaka? Kuna kikundi Moshi walikuwa wanaandaa igizo la Mangi Meli, yule mtawala wa Wachaga aliyenyongwa na Wajerumani. Wakaja na oda ya kiko cha kibuyu cha kujikunja cha afisa wa Kijerumani, eti ndo kinaonekana cha kikoloni. Nikawauliza mandhari ya mwaka gani, wakasema kile kipindi cha kunyongwa kwake, yaani Machi 1900. Nikawaambia jamani, huyo afisa wenu ana kiko ambacho wenzake Ulaya bado hawajakizoea, mpeni cha kauri au cha mbao ya kawaida. Walibisha kweli kweli. Mwisho wakachukua cha mbao kilichonyooka, na mzee mmoja mstaafu aliyekuja kuangalia ndo akawapongeza kwa hicho.

Cha gunzi la mahindi utakitambua mwenyewe. Ni cha Marekani, kiwanda chake maarufu kipo Washington, jimbo la Missouri, tangu 1869. Usimpe Mwingereza tajiri.

Hatua ya 3: Pima kwa sikio

Namaanisha sikio kweli. Picha ya ubavuni ina sikio la muigizaji, na sikio la mwanaume mtu mzima kutoka juu mpaka chini ya ndewe ni kama mm 60 hadi 65. Chukua rula, weka kwenye skrini. Tuseme sikio limesoma mm 21, basi 63 gawa kwa 21 ni 3, kila kitu kwenye hiyo picha kizidishe kwa 3. Kichwa cha kiko kimesoma 16? Ni mm 48. Urefu wote 48? Ni mm 144, yaani sm 14 na kidogo.

Ukipata jibu la ajabu jilinganishe na hivi vipimo vya kiko cha mbao cha kawaida: urefu wote sm 14 hadi 15, kichwa kwenda juu mm 45 hadi 50, unene wa kichwa mm 33 hadi 38, tundu la tumbaku upana mm 19 au 20. Kosa la wanaoanza ni moja kila siku, wanatengeneza KIKUBWA. Kwenye akili zetu kiko ni kitu kikubwa kwa sababu kamera ilikaribia. Ukikishika kinakuwa kama kata ya kuchotea maji.

Hatua ya 4: Boksi kwanza

Chora kwa saizi halisi kwenye kipande cha boksi, kata, mpe mwigizaji akishike mbele ya kioo. Piga picha. Linganisha na ile skrinishoti. Dakika kumi hizi zitakuokolea mbao.

Hatua ya 5: Kausha

Kama kisiki ni kibichi, kichemshe masaa kadhaa kwenye sufuria kuukuu, kipake nta kwenye ncha zilizokatwa, kiweke kivulini miezi miwili mitatu. Wenzetu wa Ulaya pia wanachemsha yale mafundo na kuyakausha miezi mingi. Usikianike juani na usikiweke juu ya jiko, kitapasuka usiku na utasikia kabisa kinavyolia. Igizo ni wiki ijayo? Basi tafuta mbao ya zamani, mpini wa jembe uliovunjika, mguu wa kiti, kitu ambacho kimeshakauka.

Hatua ya 6: TOBOA KWANZA, CHONGA BAADAE

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu hili lilinigharimu. Kiko changu cha kwanza nilikichonga jioni tatu, kikawa kizuri, shingo nyembamba kama mkono wa mtoto, mpaka mama watoto akakisifia na yeye hasifii ovyo. Ya nne nikakishika kwa mkono nitoboe njia ya hewa. Biti ikatembea ikatokea ubavuni karibu na kidole gumba. Nilikaa nakiangalia tu. Gogo likiwa bado la mraba linakaa kwenye jiriwa bila kucheza, unapata mstari, ukikosea umepoteza gogo sio jioni tatu.

Sasa fuata hivi, ni kwa kiko kilichonyooka, na kama ni mara ya kwanza usithubutu cha kujikunja.

Chora kiko kwenye pande ZOTE MBILI za gogo, kilingane. Kichwa kianzie mbele, sehemu ya mbao iwe mm 75, kilichobaki kitakuwa cha mdomo. Kwa kichwa cha mm 48 piga mstari wa njia ya hewa mm 36 kutoka juu ya kichwa, uzungushe mpaka nyuma ya gogo, weka alama katikati kwa msumari.

Kwanza, kwa nyuma, biti ya mm 8, ingia mm 20. Hapa ndo mdomo utachomekwa.

Pili, humo humo ndani, biti ya mm 4, endelea mpaka jumla iwe kama mm 50 kutoka nyuma. Biti ya kawaida ya mm 4 ina urefu wa mm 75 hivi kwa hiyo inafika, ila acha kidogo sana kwenye drili na kila ukiingia mm 5 itoe, pangusa unga, rudi. Ukilazimisha itakatikia ndani.

Tatu, geuza gogo, kwa juu, biti pana, shuka mm 38. Funga selotepu kwenye biti kama alama ya kusimamia. Shuka taratibu, ukikaribia chini uone katundu ka mm 4 kakitokeza sakafuni, sio juu ukutani.

Puliza kwa nyuma. Hewa ikitoka kwa juu, umemaliza sehemu ngumu, nenda kanywe chai.

ANGALIZO: ukuta wa kichwa usiwe chini ya mm 6 ukishachonga, na ndo maana tundu linakaa katikati ya kichwa, sio katikati ya gogo.

Hatua ya 7: Ondoa usichokitaka

Msumeno kwanza, kata pembeni ya mstari ukiacha mm 2. Alafu tupa nene. Piga tupa kichwa huku unakizungusha mkononi, usikae sehemu moja, maana utapata bapa na bapa hilo linaonekana tu ukishapaka rangi. Shingo iache nene kuliko unavyodhani mpaka mdomo uwe umeingia. Pale kichwa kinapokutana na shingo tumia tupa ya duara na uvumilivu, hiyo kona ndo inatenganisha kiko cha fundi na cha mtu aliyekuwa na haraka.

Hatua ya 8: Mdomo

Kwa mpingo, waombe wachonga vinyago, wana ncha ndogo ndogo wanazotupa. Toboa mm 2.5 au 3 katikati kwa urefu KABLA ya kuchonga, sheria ni ile ile. Biti ndefu ukikosa toboa kutoka pande zote mbili zikutane. Alafu nyuma chonga ulimi wa duara wa mm 8, urefu mm 18, uingie kwa kuzungusha na kubana. Usigundishe. Ukigundisha siku ukidondoka unakatika shingo, usipogundisha unachomoka tu na onyesho linaendelea.

Upande wa meno ufanye bapa, unene mm 4 hadi 5, acha ukingo kidogo mwishoni ili meno yashike. Kwa mbele chonga kwa tupa, sio kisu, mpingo unamega.

Pembe inapendeza zaidi kwa viko vya kabla ya 1850. Chukua kwenye machinjio yanayokaguliwa, usiokote pembe ya mzoga porini, kimeta huku kwetu sio hadithi. Ichemshe vizuri, nje ya nyumba, harufu yake itakugombanisha na majirani. Ile ncha ngumu isiyo na shimo ndo unayoitaka. Vaa barakoa wakati wa kupiga msasa, vumbi la pembe na la mpingo yote yanachoma kifua.

Kama picha inaonyesha pete ya fedha pale shingo na mdomo vinapokutana, kata utepe wa kopo la soda, geuza upande usio na rangi uwe nje, zungusha, gundisha. Mita moja kutoka kwenye kamera hakuna atakayejua.

Hatua ya 9: Msasa

80, 120, 240, 400, usiruke. Ukifika 240 lowanisha mbao kwa kitambaa, acha ikauke, vijinyuzi vitasimama, ndo upige tena. Piga kiko na mdomo vikiwa vimeunganishwa ili pasiwe na ngazi kati yao.

Hatua ya 10: Rangi

Mbuni ni mweupe mweupe. Chemsha majani ya chai mengi kwenye maji kidogo mpaka yawe meusi, paka mara tatu, kila mara ikauke. Ukitaka kahawia ya kuzama zaidi yeyusha chenga mbili tatu za potasiamu pamanganeti kutoka duka la dawa, inaingia zambarau alafu yenyewe inageuka kahawia. Vaa glovu, vidole vitakaa na rangi siku kadhaa. Usipake vanishi. Narudia, usipake vanishi, kwenye mwanga wa kamera inakuwa kama kitasa cha mlango mpya. Pasha nta ya nyuki kidogo, paka, sugua kwa kitambaa mpaka mkono uchoke.

Hatua ya 11: Kizeeshe

Mzee wa kwenye tamthilia hakununua kiko jana. Pitisha ukingo wa juu wa kichwa kwenye masizi ya mshumaa, futa kwa kidole, rudia. Ndani ya tundu paka unga wa mkaa uliochanganywa na asali kidogo sana, acha ukauke siku mbili. Kwenye mdomo weka alama ndogo za meno kwa tupa, upande mmoja zaidi ya mwingine, watu wana upande wao. Alafu mpe mwigizaji akae nacho mfukoni wiki nzima, mafuta ya mkono yanafanya kazi ambayo sisi mafundi hatuwezi.

Kama chako ni cha udongo

Hiki ni rahisi kuliko cha mbao na watu wanakiogopa bure. Viringisha udongo mweupe laini kama kamba, mwembamba, sm 20 inatosha kwa kuanzia, mwisho mmoja acha donge. Chukua spoki ya baiskeli, ipake mafuta, isukume katikati ya kamba taratibu ukiwa unauhisi kwa vidole vya mkono mwingine. Mafundi wa zamani walifanya hivyo hivyo kwa waya, alafu wakabana kwenye kalibu ya vipande viwili. Na spoki ina mm 2, ambayo ni karibu sawa kabisa na inchi 5/64, tundu ambalo lilikuwa la kawaida zaidi kwenye viko vya Kiingereza vya kati ya 1710 na 1750 hivi. Mtafiti anaitwa Harrington alipima vipande vingi akaonyesha mwaka 1954 kwamba kadiri miaka ilivyoenda matundu yalizidi kuwa membamba, mpaka leo watu wa mambo ya kale wanakisia umri wa vipande kwa kuchomeka biti.

Inua donge, bonyeza shimo kwa kidole kilichopakwa mafuta, acha spoki ndani mpaka udongo ukaze kidogo ndo uivute huku unazungusha. Kausha kivulini siku kadhaa. Ukipata mfinyanzi akuchomee ndani ya chungu ni bora, Upareni wapo akina mama wanaojua moto kuliko tanuri lolote. Ukikosa udongo mweupe tumia wa kawaida na upake rangi ya maji nyeupe, isiyong'aa, na sehemu ya midomo iache bila rangi, ipake nta tu. Tengeneza vitano, viwili vitavunjika kabla ya mazoezi.

Ikikwama

*Njia ya hewa imetokea juu ya sakafu ya tundu.* Kwa igizo haina shida, jaza chini kwa ule mchanganyiko wa mkaa na asali, endelea.

*Biti imetokea ubavuni.* Pole. Kama ni katundu kadogo, changanya unga wa mbao hiyo hiyo na gundi ya epoksi, ziba, paka rangi, geuza upande huo usiangalie kamera. Kama ni kubwa anza upya.

*Kimepasuka baada ya wiki.* Mbao haikukauka. Ziba kwa epoksi na masizi, ufa mweusi unaonekana kama wa uzee.

*Mdomo unalegea.* Paka ulimi nta ya nyuki, chomeka, zungusha. Ukiendelea kulegea zungusha uzi mmoja wa pamba.

*Rangi ina madoa.* Kulikuwa na gundi au mafuta ya mikono kabla hujapaka. Rudi msasa 240, futa, anza kupaka tena.

*Kwenye video kinaonekana cha plastiki.* Umesugua nta ikazidi. Pitisha msasa 400 kidogo mno, basi.

*Kinaonekana kidogo mkononi mwa mwigizaji.* Rudi hatua ya 3 upime tena. Mara nyingi kipo sawa, ni macho yako yaliyozoea kile kikubwa.

*Tunataka moshi.* Weka karatasi ya foili ndani ya tundu, katia kipande cha udi wa kijiti sm 1 kinachofuka, mwigizaji akishike mkononi, asivute. Akikirudisha mdomoni apulize kidogo nje. Awepo mtu na maji pembeni, hasa mkiigizia ukumbi wenye mapazia.

*Kimepotea.* Hii ndo shida kuu kuliko zote na haina gundi. Tengeneza viwili kutoka gogo moja, kimoja akae nacho mwigizaji, kingine akae nacho mtu ambaye haigizi. Niliwahi kupigiwa simu masaa mawili kabla ya onyesho, kiko kimekaliwa kwenye daladala ya Ngaramtoni, shingo imekatika, nami nipo Tengeru kwenye msiba. Waliishia kumpa afisa wa Kijerumani kalamu nene.